Bruxelles–Kinshasa: Siku 51 za Edmond Thieffry, rubani aliyefungua njia ya anga kati ya Ubelgiji na Congo

Msafiri anayepanda ndege leo Bruxelles asubuhi anashuka N'Djili, Kinshasa, siku hiyo hiyo. Ni mwendo wa masaa 8 hivi, kwa umbali wa takriban kilometa 6,240 ukipimwa moja kwa moja. Mtu wa kwanza kusafiri njia hiyo kwa ndege alitumia siku 51. Jina lake ni Edmond Thieffry, mwanasheria wa Ubelgiji aliyegeuka rubani wa vita. Aliondoka Bruxelles alhamisi tarehe 12 Februari 1925 na kuingia Léopoldville, Kinshasa ya leo, ijumaa tarehe 3 Aprili. Miaka minne baadaye aliacha maisha yake upande wetu huu wa mashariki, karibu na Ziwa Tanganyika.

Wengi wa wakaaji wa Kivu na Tanganyika hawajawahi kusikia jina hilo. Katika historia ya usafiri wa anga ya nchi yetu, hata hivyo, ni vigumu kulikwepa.

Thieffry alizaliwa tarehe 28 Septemba 1892 huko Etterbeek, mtaa mmoja wa Bruxelles. Alisomea sheria katika chuo kikuu cha Louvain, na kama vita isingekuja, pengine angemaliza siku zake mahakamani akibishana juu ya mirathi na mipaka ya viwanja. Mwaka 1913 aliitwa jeshini, katika kikosi cha 10 cha askari wa miguu. Agosti 1914 Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, yeye alikuwa Liège, chini ya jenerali Leman, aliyekuwa akilinda ngome za mji huo.

Liège ilianguka na Thieffry akakamatwa. Hakukaa sana mikononi mwa adui: alitoroka kwa pikipiki na kuvuka mpaka hadi Uholanzi, nchi isiyokuwa vitani. Askari wa Uholanzi nao walimzuia, maana sheria iliwataka wazuie kila mwanajeshi wa kigeni anayeingia kwao. Hapo ndipo masomo ya Louvain yalipomsaidia. Inasimuliwa kwamba aliwatetea wakuu wa mpaka kwa vifungu vya sheria, kwa lugha yao wenyewe, mpaka wakachoka na kumwachilia aende zake.

Mwaka 1915 alijiunga na kikosi cha anga na kupelekwa Étampes, Ufaransa, kujifunza urubani. Hapa sifa zake haziendani na zile tunazozizoea tukisoma habari za mashujaa. Thieffry alikuwa mwanafunzi mbaya. Alivunja ndege nyingi kuliko wenzake wote wa Ubelgiji, na hata baada ya kupata cheti aliendelea kuzivunja. Siku moja, kwa kadiri wanavyosimulia waandishi wa historia ya vita hiyo, aliangusha ndege mbele ya wenzake kwenye kiwanja chao, naye akiwa bado ameshika kifyatulio cha bunduki ya ndani, risasi zikatawanyika kila upande na watu wakalala chini. Wakuu wake hawakumfukuza. Waliamua tu kwamba tangu siku hiyo apewe ndege ya mtu mmoja, ili akianguka aanguke peke yake.

Uamuzi huo ndio uliomtengeneza. Akiwa peke yake angani, Thieffry alipata ushindi wake wa kwanza mwezi Machi 1917. Tarehe 3 Julai mwaka huo aliangusha ndege mbili za adui kwa siku moja, jambo ambalo hakuna rubani wa Ubelgiji aliyekuwa amelifanya kabla yake. Hesabu yake ilifikia ndege 10, ikimweka nafasi ya tatu kati ya marubani wote wa vita wa Ubelgiji. Tarehe 23 Februari 1918 yeye mwenyewe aliangushwa, akajeruhiwa na kukamatwa tena na Wajerumani. Vita ilipokwisha Novemba mwaka huo alirudi kwao na kufungua tena ofisi yake ya uwakili.

Lakini mtu aliyezoea anga hatulii kirahisi kati ya mafaili. Ubelgiji ndogo, ambayo treni inaivuka kwa masaa machache, haikuwa na haja kubwa ya ndege. Koloni lake, kubwa mara 80 hivi kuliko yenyewe, lilikuwa na haja hiyo. Barua ya kutoka Bruxelles ilisafiri kwa meli kutoka Antwerpen hadi Matadi kwa karibu wiki tatu, ikapanda treni hadi Léopoldville, kisha boti ya mtoni. Ikiwa inaenda Stanleyville, Kisangani ya leo, au kuvuka hadi Kivu, aliyeandika angeweza kungoja jibu kwa miezi.

Ikumbukwe kwamba ndege hazikuwa jambo jipya kabisa hapa kwetu. Mwaka 1916, wakati wa vita hiyo hiyo ya kwanza ya dunia, Wabelgiji walileta kwenye Ziwa Tanganyika ndege nne za kutua majini walizopewa na Waingereza. Zilisafirishwa zikiwa vipande ndani ya masanduku, zikaunganishwa upande wa Mtoa, karibu na mji ambao leo ni Kalemie, na kutumika kurusha mabomu juu ya Kigoma, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, alikufa kwa ugonjwa mwisho wa mwaka huo na kuzikwa Niemba. Kwa hiyo, wazee wa pwani ile ya ziwa waliona ndege kabla ya wakaaji wengi wa Ulaya yenyewe kuiona.

Baada ya vita, kati ya mwaka 1920 na 1922, kulikuwa pia na laini ya ndege za majini iliyobeba jina la mfalme Albert, ikifuata mto Congo kutoka Léopoldville hadi Stanleyville. Ilifungwa haraka; gharama zilikuwa kubwa, na joto na unyevu vilikula mbao na vitambaa vya ndege hizo. Mwaka 1923 ilizaliwa Sabena, kompani ya ndege ya taifa la Ubelgiji, na Congo ilikuwa ndani ya mipango yake tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha kwamba koloni na nchi iliyoitawala vinaweza kuunganishwa kwa njia moja ya anga, bila meli.

Thieffry alitaka kuwa mtu huyo. Alipeleka wazo lake kwa wakuu, akitumia ulimi wake wa uwakili, na akapata masikio: mfalme Albert wa Kwanza alikuwa mpenzi wa ndege. Sabena ikatoa chombo, ndege ya aina ya Handley Page W.8f. Ilikuwa na moteri tatu na mbawa mbili zilizopandana, moja juu ya nyingine, na mwili wa mbao uliofunikwa kitambaa. Ikapewa jina la binti wa mfalme, Princesse Marie-José. Thieffry alichagua wenzake wawili: rubani Léopold Roger na fundi wa mitambo Joseph De Bruycker. Kwa safari ya aina hiyo fundi hakuwa mtu wa tatu tu wa kujaza kiti, kwa sababu moteri za wakati huo zilihitaji mkono wa fundi karibu kila zilipozimwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye hesabu, maana ndani yake ndimo hadithi yote ilimo.

Umbali wa kilometa 6,240 tulioutaja hapo juu ni njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Thieffry hakuweza kuifuata. Ndege yake haikuweza kwenda mbali kabla ya mafuta kuisha, na mafuta hayo ilibidi yaletwe mbele yao, kituo baada ya kituo, kabla wao hawajafika. Hakukuwa na rada, na ramani za Sahara zilikuwa na nafasi nyeupe nyingi. Rubani alifuata alichoweza kukiona kwa macho: reli, mto, pwani, ngome ya jeshi. Ndiyo maana njia yao ilijipinda. Walishuka Ufaransa kupitia Dijon, Lyon na Perpignan, wakaifuata pwani ya Uhispania hadi Alicante, wakavuka bahari ya Mediterania hadi Oran, Aljeria. Kutoka hapo Colomb-Béchar, kisha jangwa lenyewe kupitia Ouallen hadi Gao kwenye mto Niger. Wakageuka mashariki: Niamey, Zinder, Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, Fort-Archambault ambayo leo ni Sarh. Halafu kusini hadi Bangui, wakaufuata mto Ubangi mpaka unapomwagika kwenye Congo, Irebu, na mwisho Léopoldville.

Jumla ilikuwa kilometa 8,124. Ndege ilikuwa angani kwa masaa 75 na dakika 25.

Msomaji achukue kalamu. Gawa kilometa hizo kwa masaa hayo, utapata mwendo wa kilometa 108 hivi kwa saa, ambao leo gari dogo linauzidi kwenye lami nzuri. Kama wangeweza kuruka njia iliyonyooka kwa mwendo ule ule, bila kutua, wangetumia masaa 58. Ndege za leo zinakwenda kwa wastani wa kilometa karibu 780 kwa saa kwenye njia hiyo, ukihesabu kupanda na kushuka.

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye mwendo. Masaa 75 ni siku tatu na masaa matatu tu. Siku nyingine 48 za safari ya Thieffry zilipotelea ardhini: kungoja mawingu yapite, kutengeneza kilichovunjika, kungoja kipuri, kungoja mafuta, kulala, maana hawakuweza kuruka usiku juu ya nchi isiyo na taa. Ukigawa masaa ya kuruka kwa siku zote, ni saa moja na nusu kwa siku. Kila msafiri wa kwetu aliyewahi kulala kwenye kiwanja cha ndege akingoja ndege ambayo ratiba ilisema inaondoka asubuhi anajua kwamba muda wa angani ni jambo moja, na muda wa safari ni jambo lingine kabisa.

Na hapa kuna jambo ambalo sherehe za Bruxelles hazikulitilia mkazo. Siku 51 zilizidi mara mbili muda wa meli na treni. Mtu aliyepanda meli Antwerpen siku Thieffry aliporuka angekuwa amefika Léopoldville, amemaliza shughuli zake, na karibu kuanza safari ya kurudi, wakati Princesse Marie-José inatua. Kwa upande wa biashara, safari ile haikuthibitisha chochote. Ilithibitisha jambo lingine: kwamba inawezekana. Mashine nzito ya moteri tatu iliyotengenezwa kwa ajili ya anga ya Ulaya iliweza kupita baridi ya Februari, mchanga wa Sahara na mvua za ikweta, na watu watatu waliokuwa ndani wakashuka wazima. Thieffry alipokelewa kama mshindi.

Tuseme pia lile ambalo magazeti ya wakati huo hayakuona haja ya kulisema. Ushindi huo ulikuwa wa nani? Mwaka 1925 Mkongomani hakuwa abiria. Hakuwa rubani wala fundi. Alikuwa mtu wa kukata miti na kusawazisha ardhi ili ndege ipate pa kutua, kubeba mapipa ya mafuta, kufyeka majani yanayoota upya kila mvua. Huo ndio wakati ambapo vijiji vililazimishwa kulima pamba, na vijana walichukuliwa kwenda migodini na kwenye reli. Majina ya watu watatu waliokuwa ndani ya ndege tunayo, pamoja na jina la ndege. Ya waliotengeneza viwanja hayamo katika vitabu. Njia ya anga ilikuwa ni mkono mwingine wa serikali ya kikoloni, na mkono wa haraka kuliko yote: afisa, barua ya amri, hata askari, wangefika ndani zaidi kwa muda mfupi zaidi. Kumsifu Thieffry kwa ujasiri wake hakutuzuii kuliona hilo.

Baada ya safari hiyo mambo yalikwenda mbio. Ndani ya koloni, Sabena ilianza kufungua laini yake kutoka Boma na Léopoldville, kupitia Luebo huko Kasai, hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, mji wa shaba. Mwaka 1926 Wabelgiji wengine watatu, Medaets, Verhaegen na Coppens, walichukua ndege ndogo ya kijeshi na kwenda Léopoldville na kurudi kati ya Machi na Aprili. Kwa muda wa mwezi mmoja na kidogo walimaliza njia zote mbili, wakati Thieffry alikuwa ametumia siku 51 kwa njia moja.

Inaonekana jambo hilo lilimuuma. Mwaka 1928 Thieffry alijaribu tena kuifikia Congo kwa ndege, na safari zote mbili alizozianza mwaka huo zilishindikana. Hakufika hata Afrika. Kwa wengi hiyo ingekuwa alama ya kuacha. Alikuwa na umri wa miaka 35, ana ofisi, ana jina, amenusurika katika vita na katika jangwa. Hakuacha, alibadilisha tu swali. Njia ya Ulaya hadi Congo sasa ilikuwa na watu wengi wanaoitafuta. Lile ambalo wachache walilishughulikia ni hili: ukishafika Léopoldville, unafikaje sehemu nyingine za nchi?

Ni swali ambalo wakaaji wa mashariki bado wanaliuliza. Tazama ramani. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,550 angani, na hakuna barabara ya kuaminika inayounganisha miji hiyo miwili. Kutoka Bruxelles hadi Goma, kwa njia iliyonyooka, ni kilometa 6,300 hivi. Yaani kwa mtu wa Bruxelles, Goma iko mbali kuliko Kinshasa kwa kilometa 60 tu, chini ya dakika tano za ndege ya leo. Lakini hakuna ndege inayofuata mstari huo. Mtu wa Goma anayekwenda Ulaya anavuka mpaka na kupandia kwa majirani, ama, wakati kiwanja cha Goma kilipokuwa kinafanya kazi, alianza kwa kwenda magharibi hadi Kinshasa ndipo ageuke kaskazini. Tangu mapigano ya mwisho wa Januari 2025 kiwanja hicho kimefungwa kwa abiria wa kawaida, na umbali umekuwa mrefu zaidi bila kilometa hata moja kuongezeka.

Mwaka 1929 Thieffry alikuja Congo kuchunguza jinsi laini za ndani zinavyoweza kupangwa. Safari hii hakuwa anatafuta rekodi. Ilikuwa kazi ya kuangalia viwanja, umbali, hali ya hewa na mahitaji. Alikuwa na ndege ndogo ya Kifaransa aina ya Aviméta 92, ya chuma, yenye moteri moja. Aliyeirusha alikuwa Gaston Julien, na fundi aliitwa Eugène Gastuche.

Mtu anayeijua Tanganyika anajua mwezi wa Aprili. Mvua bado hazijakwisha, na milima ya pande zote mbili za ziwa hukusanya mawingu ambayo kwa nusu saa hugeuka dhoruba. Rubani wa leo huonywa kwa redio na rada. Huzunguka au hurudi. Ndege ya 1929 haikuwa na namna ya kuonywa.

Alhamisi tarehe 11 Aprili 1929, karibu na Ziwa Tanganyika, ndege hiyo ilianguka. Thieffry na Julien walikufa. Gastuche alinusurika. Mtu aliyevunja ndege nyingi kuliko wenzake wote, ambaye wakuu wake walimpa ndege ya mtu mmoja kwa kuogopa asije akawaua wengine, alikufa ndani ya ndege iliyorushwa na mtu mwingine. Alikuwa na miaka 36.

Kifo chake hakikusimamisha mpango. Kilichofuata kilichukua miaka sita zaidi, kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia na kwa sababu ndege zilihitaji kwanza kuwa imara zaidi. Jumamosi tarehe 23 Februari 1935 Sabena ilifungua laini yake ya kawaida kati ya Bruxelles na Léopoldville. Marubani walikuwa Prosper Cocquyt na Jean Schoonbroodt, na ndege, Fokker ya moteri tatu, iliandikwa ubavuni jina la Edmond Thieffry. Ilitumia siku tano na nusu. Safari iliyochukua siku 51 ilikuwa imepungua mara tisa, na ndege iliishinda meli kwenye njia hiyo. Ndege za Kiitaliano za Savoia-Marchetti zilizofuata ziliipunguza hadi siku nne hivi.

Baada ya vita ya pili ya dunia zikaja ndege za moteri nne, safari ikawa ya chini ya siku mbili. Mwaka 1959 kilifunguliwa kiwanja kipya cha N'Djili, chenye njia ndefu ya kuruka, tayari kwa ndege za jeti. Mwaka 1960 Boeing 707 za Sabena ziliifanya safari hiyo kuwa ya usiku mmoja. Mwezi Julai mwaka huo huo, siku chache baada ya uhuru, ndege hizo ndizo zilizobeba maelfu ya Wabelgiji wakikimbia kurudi kwao. Njia ambayo Thieffry aliifungua ili koloni liwe karibu ndiyo iliyotumika kulihama.

Sabena yenyewe ilifilisika mwaka 2001. Njia imebaki, inafanywa sasa na Brussels Airlines. Kwa upande wetu, kompani za ndege zilizosajiliwa Congo zimewekwa tangu mwaka 2006 katika orodha ya zile zisizoruhusiwa kuingia kwenye anga ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu za usalama. Kwa hiyo, miaka 100 baada ya Princesse Marie-José, njia hii bado ina upande mmoja wenye ndege na upande mwingine wenye abiria. Wanaoijaza kwa sehemu kubwa ni Wakongomani: wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara, familia zilizogawanyika kati ya Matonge ya Kinshasa na Matonge ya Bruxelles. Hata saa ni ile ile. Wakati wa baridi Ulaya, saa ya Bruxelles na ya Kinshasa zinalingana, na anayeshuka N'Djili hana haja ya kugusa mishale. Anayeendelea hadi Lubumbashi au Bukavu ndiye anayeisogeza saa moja mbele.

Huko Etterbeek, alikozaliwa, kuna barabara yenye jina lake, mnara wa kumkumbuka, na kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa Thieffry, kilichofunguliwa mwaka 1976. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku. Kutoka kituo hicho hadi kiwanja cha ndege cha Zaventem, zinakoanzia safari za Kinshasa, ni kilometa zisizofika 15.